Matundu sita hayatoshi: Hilux ya zamani, rimu za inchi 17 na tairi lililogusa springi

Gari ni Toyota Hilux LN106 ya kebini moja, injini ya dizeli iitwayo 3L, ya lita 2.8, ile ambayo four-wheel yake huingizwa kwa mkono. Ni ya kizazi kilichotengenezwa kati ya 1988 na 1997. Jambo la kushika mapema ni ekseli yake ya mbele: ni nzima, kutoka gurudumu hadi gurudumu, na imefungwa kwenye springi za vyuma bapa vilivyopangwa kama ilivyo nyuma. Springi hizo hukaa karibu sana na ubavu wa ndani wa tairi, na kisa chote kimezaliwa hapo.

Kazi ya gari ni mazao: matenga ya nyanya kutoka Ilula, na vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni vinavyopanda mlima Kitonga kwenda Iringa mjini. Lilikuwa na rimu za chuma za inchi 16 kwa 5.5 na matairi 205R16. Matairi yalipokwisha, mwenye gari alinunua seti ya rimu nne za aluminiamu za Hilux Vigo (toleo la baadaye la Hilux), inchi 17 kwa 7.5, zikiwa na matairi ya mtumba 265/65R17. Muuzaji alimwambia, "Kaka, matundu sita ni matundu sita, Toyota kwa Toyota." Rimu zikaingia bila kulazimishwa, gari likapendeza, safari zikaanza.

Ndani ya wiki mbili yalijitokeza mambo manne. Kona ikikatwa hadi mwisho, upande wa mbele ulilia na ubavu wa ndani wa tairi ukawa na msitari mweusi unaong'aa. Usukani ulitetemeka kuanzia kilomita 80 kwa saa, na kubalansi mara mbili hakukusaidia. Kitonga, sehemu zilizokuwa zinapandwa kwa gia ya tatu zikawa zinadai ya pili. Na kwenye eneo la kilomita 50, tochi ya trafiki ya kupima mwendo ilisoma 53 wakati mshale wa dashibodi ulikuwa juu ya 50. Mwenye gari aliamini kila tatizo lina chanzo chake. Ukweli ni kwamba yote manne yalikuwa yameandikwa kwenye rimu na tairi kabla hela haijatolewa.

Tuanze na kipenyo

265/65R17 inasomwa hivi: upana wa tairi ni milimita 265, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 17. Ubavu mmoja ni 265 × 0.65, yaani milimita 172. Pande mbili, juu na chini, ni 344.5. Inchi 17 ni milimita 431.8. Jumla: 776.

205R16 haina asilimia, na hapo ndipo wengi hukwama. Tairi lililoandikwa bila asilimia lina ubavu mrefu, takriban 80 kwa mia ya upana. Kwa hesabu hiyo ubavu ni 164, pande mbili 328, ongeza 406.4 za inchi 16, unapata milimita 734. Tofauti ya matairi haya mawili ni milimita 42, sawa na asilimia 5.7.

Asilimia 5.7 si kubwa kwa macho. Chini ya gari, lakini, inagusa mambo mawili papo hapo. Spidomita na kihesabu kilomita vya gari hili vinahesabu mizunguko, havijui tairi limebadilishwa. Mshale ukiwa kwenye 50, gari liko karibu 53. Ukiwa kwenye 80, liko karibu 85. Kihesabu kilomita nacho kinapunguza: kila kilomita 1,000 zilizotembewa kinaandika 946 tu, na ndiyo maana gari linaonekana limeanza kunywa dizeli zaidi kuliko linavyokunywa kweli.

La pili ni mlima. Tairi kubwa ni sawa na kurefusha gia zote kwa 5.7 kwa mia. Injini ya 3L haina nguvu ya akiba, haina hata turbo. Ukiipunguzia nguvu hiyo kwenye mlima kama Kitonga huku nyuma kuna tani nzima ya vitunguu, lazima ushuke gia. Kubadilisha difu (gia za kwenye ekseli) kungeponya, lakini gari lenye four-wheel lina difu mbili na zote lazima ziwe na uwiano uleule. Gharama hiyo haiendani na sababu ya kuifanya.

Upande mmoja kipenyo kilisaidia: gari lilinyanyuka. Lakini lilinyanyuka milimita 21, si 42, kwa sababu chini ya ekseli kunaongezeka nusu tu ya kipenyo.

Mahali rimu inapokaa

Muuzaji hakudanganya kuhusu matundu. Hilux za four-wheel, za zamani na Vigo, zina stadi sita (bolti za kufungia gurudumu) kwenye duara la milimita 139.7, na tundu la katikati la rimu ni milimita 106. Kwa stadi sita kipimo ni rahisi: pima kutoka katikati ya stadi moja hadi katikati ya ile inayoitazama upande wa pili. Hilux nyingi za zamani zisizo na four-wheel zina stadi tano, na hizo duara lake ni 114.3, pale unapima kati ya stadi mbili zilizo jirani, na ukipata milimita 67 ndiyo hiyo.

Hata hivyo, 6 kwa 139.7 ni kipimo cha magari mengi. Mitsubishi L200 inacho, ila tundu lake la katikati ni 67.1. Ford Ranger inacho, tundu ni 93.1. Rimu hizo haziwezi kupita kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ya Hilux, na fundi anayejitolea kuzichonga zipite anakula chuma mahali ambapo rimu inahitaji uimara. Isuzu D-Max ni 100.1, nayo haipiti.

Kilichosahaulika kabisa ni ofseti. Hii ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaokaa kwenye habu. Uso ukiwa upande wa nje wa mstari huo, ofseti ni chanya na gurudumu linaingia ndani kuelekea springi. Kwenye rimu ya Vigo imeandikwa nyuma ya mikono ya rimu: ET30, yaani milimita 30 chanya. Rimu za chuma za zamani mara nyingi hazina maandishi yoyote, kwa hiyo hupimwa.

Upimaji ulifanywa hivi. Rimu bila tairi ililazwa kifudifudi, mgongo juu. Ubao ulionyooka ukawekwa juu ya kingo zake, na futi ikashushwa kutoka ubaoni hadi uso unaokaa kwenye habu: milimita 103. Upana wa inchi 5.5 hupimwa ndani, pale tairi linapokaa. Kingo mbili za nje huongeza karibu inchi 1, hivyo upana wote ni inchi 6.5, milimita 165. Nusu yake ni 82.5. Toa kwenye 103, unabaki na ofseti ya takriban 20 chanya. Usipime rimu ikiwa na tairi: ubao utakaa kwenye ubavu uliotuna badala ya ukingo wa chuma, na kipimo kitadanganya.

Sasa linganisha. Katikati ya tairi jipya imeingia ndani milimita 10 zaidi, 30 dhidi ya 20. Tairi lenyewe limepanuka kutoka 205 hadi karibu 266, hivyo kila upande umeongezeka milimita 30. Ubavu wa ndani umesogea kuelekea springi kwa milimita 40. Usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, nafasi kati ya tairi la zamani na springi ilikuwa milimita 32. Arobaini haziingii kwenye thelathini na mbili, na hesabu hii ingefanyika kwa dakika 10 dukani, kwa futi na kalamu.

Kugusa springi si suala la kelele tu. Jani la springi lina ukingo mkali. Kila kona ya mwisho linanyoa ubavu kidogo, na ubavu ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote za tairi. Kwenye gari hili alama ilikuwa bado haijafika kwenye nyuzi. Ingefika, tairi lingepasuka likiwa na mzigo.

Mtetemo ulitoka kwenye nati

Hili lilichukua muda mrefu kwa sababu kila mtu alikuwa anatazama balansi. Mashine ya balansi inashika rimu kwa koni kupitia tundu la katikati, haigusi nati. Gurudumu lililofungwa vibaya kwenye gari linaweza kutoka safi kabisa kwenye mashine.

Ukifungua nati moja ya mbele kushoto, ushahidi ulikuwa kwenye kiganja. Nati ni ya rimu ya chuma, ncha yake ina mteremko kama koni. Tundu la rimu ya aluminiamu, kama ilivyo kwa rimu nyingi za aluminiamu za Toyota za miaka hiyo, lina kikalio bapa kinachotaka nati yenye shingo iliyonyooka na washa yake. Koni ilikuwa imeshika ukingo wa juu wa tundu peke yake: pete nyembamba iliyong'aa, upana wa uzi wa kushonea, na kuizunguka vumbi la kijivu la aluminiamu. Nati sita zilizokaa hivyo haziwezi kuiweka rimu katikati. Zaidi ya hapo aluminiamu inaendelea kuliwa, nati zinalegea zenyewe, na ukizikaza kila wiki unaharakisha ulaji.

Kinyume chake nacho ni hatari. Nati bapa ya aluminiamu haifai kwenye rimu ya chuma yenye kikalio cha koni. Anayebaki na spea ya chuma huku magurudumu mengine ni ya aluminiamu lazima abebe seti ya nati sita za koni ndani ya gari.

Kuna kipimo kingine cha haraka hapa. Stadi za Hilux ni za milimita 12, hatua ya uzi ni 1.5. Nati inatakiwa ishike uzi kwa urefu usiopungua unene wa stadi, maana yake mizunguko 8 kamili tangu ianze kushika hadi ikaze. Ukihesabu 5, simama hapo hapo.

Na mzigo?

Hapa haki itendeke: matairi ya 17 hayakuwa dhaifu kwa namba. Yalikuwa na indeksi (namba ya uwezo wa kubeba) 112, sawa na kilo 1,120 kila moja. 205R16 ya kazi yenye indeksi 110 hubeba kilo 1,060. Hata ukifuata kanuni ya Marekani, ambapo tairi la gari dogo likifungwa kwenye pikapu uwezo wake hugawanywa kwa 1.1, bado unabaki na 1,018. Wanaosema inchi 17 haziwezi mzigo hawajasoma ubavu wa tairi.

Udhaifu ulikuwa kwenye umri. Mwisho wa maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Tairi lenye 2314 limetengenezwa wiki ya 23 ya 2014. Kwenye seti hii matairi mawili yalikuwa yamepita miaka 10, yakiwa na nyufa ndogo kwenye mizizi ya kashata (mpira wa juu unaokanyaga barabara) ijapokuwa kashata yenyewe ilikuwa nene. Mpira mzee wenye kashata nzuri ndiyo mtego mkubwa wa mtumba. Chini ya matenga ya nyanya, kwenye lami ya mchana, hupata joto na kuanza kubanduka tabaka.

Rimu za aluminiamu nazo zina alama ya kutafuta. Za Kijapani huwa na JWL kwa magari madogo na JWL-T kwa ya mizigo. Rimu ya urembo isiyo na alama wala kilo zilizoandikwa isifungwe kwenye gari la tani.

Njia tatu zilizokuwepo

Ya kwanza ilikuwa kuweka spesa za milimita 30 kati ya habu na rimu. Hizo zingelitoa tairi kwenye springi, ni kweli. Lakini ubavu wa nje ulikuwa tayari umetoka milimita 20; ungefika 50 nje ya ulipokuwa. Beringi zinabeba uzito kwa mkono mrefu zaidi, usukani unavutwa na kila shimo, na tope linaruka nje ya madigadi. Spesa za kuchomeka tu, zisizo na stadi zake, ndizo mbaya kuliko zote kwa sababu zinakula uzi wa stadi. Kwa gari la mizigo jibu ni hapana.

Ya pili: kurefusha bolti za kizuizi kwenye nako (viungo vinavyogeuza magurudumu) za mbele ili usukani usifike mwisho. Ni kazi ya spana mbili na nusu saa, na kwa gari ambalo tairi linagusa kidogo tu ni suluhisho halali. Hapa kurudisha zile milimita 8 zilizozidi nafasi (40 dhidi ya 32) hakukutosha, kwa sababu springi ikibonyea na ekseli ikiinama upande mmoja nafasi inapungua tena, na tairi linahitaji walau milimita 15 za usalama. Kufikia hapo gari lingepoteza kona nyingi mno. Anayegeuza Hilux kwenye vichochoro vya soko anajua maana yake.

Ya tatu ndiyo iliyochukuliwa: kuuza seti ya 17 na kurudi inchi 16, lakini kwa rimu pana kidogo na tairi la kisasa.

Kuchagua tairi la inchi 16 kunaanza na upana wa rimu, si na sura ya tairi. 235/85R16 ina kipenyo cha 806, karibu asilimia 10 juu. Kitonga ingekuwa adhabu. 265/70R16 ni 777, yaani tatizo lilelile la 17, na inadai rimu ya kuanzia inchi 7. 245/70R16 ni 749, nzuri kwa kipenyo, lakini inaanza na rimu ya 6.5. 215/85R16 ni nyembamba na inakubali hata rimu ya zamani ya 5.5, kipenyo 772, hivyo kwa gari la tambarare ingefaa sana, si kwa hili la mlimani. Iliyobaki ni 225/75R16: kipenyo 744, asilimia 1.3 tu juu ya ya awali, na inakaa vizuri kwenye rimu ya inchi 6.

Rimu zilizopatikana ni za chuma, 16 kwa 6, ofseti 15 chanya. Hesabu ya ndani: katikati imetoka nje milimita 5, tairi limepanuka karibu 9 kila upande, hivyo ubavu wa ndani umeingia milimita 4. Kutoka 32 inabaki 28. Nje umetoka 14, bado chini ya madigadi. Kwa faida ya ziada, nati za koni za zamani zikarudi mahali pake halali.

Matairi yaliyochukuliwa ni ya kazi, LT225/75R16 indeksi 115/112. Namba ya kwanza ni ya tairi likiwa peke yake, kilo 1,215. Ya pili ni ya matairi pacha, haiwahusu wenye Hilux. Kilo hizo 1,215 hupatikana kwa upepo wa psi 80. Kwa psi 50 tairi hilohilo hubeba 880, na kwa 65 karibu 1,060. Kibati cha gari kikiruhusu, tuseme, kilo 1,600 kwenye ekseli ya nyuma, kila tairi ni 800, na psi 50 zinatosha siku ya mzigo. Bila mzigo nyuma zishushwe hadi 35 hivi, la sivyo tairi litaliwa katikati na gari litaruka kwenye makorongo. Mwenye gari aliyezoea kuambiwa "weka 40 zote" ataona usumbufu. Usumbufu huo ni bei ya tairi kumaliza kashata yake sawasawa.

Ufungaji

Kutu kwenye uso wa habu ilisuguliwa kwa brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana. Gamba la nusu milimita upande mmoja linatosha kurudisha mtetemo. Nati zilianzishwa kwa vidole, zikakazwa kwa nyota gari likiwa limenyanyuliwa, kisha likateremshwa na kukazwa mwisho kwa takriban Nm 110. Asiye na spana ya kupimia achukue mpini wa nusu mita na kuuvuta kwa nguvu ya kilo 22. Kuupanda kwa miguu ni kuivuta stadi. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zikakazwa tena.

Kisha usukani ukakatwa kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho, kwanza gari likiwa tambarare, halafu gurudumu moja la mbele likiwa juu ya kifusi ili springi ya upande huo ibonyee. Kidole kimoja kilipita kati ya tairi na springi pande zote. Jaribio hili likifanywa kwenye zege tambarare pekee halijafanyika.

Likabaki la spea. Wakati wa rimu za 17, spea ilikuwa bado 205R16, na siku moja ilifungwa nyuma kulia gari likaingizwa four-wheel kwenye tope. Tairi la 734 huzunguka karibu mara 434 kwa kilomita, la 776 mara 410. Gia ndogo ndani ya difu ya nyuma zilikuwa zinasaga mizunguko 24 kila kilomita zikiwa zimebeba mzigo, na kwa kuwa four-wheel ya LN106 haina difu ya katikati, mbele na nyuma vikawa vinashindana kwa nusu ya hiyo. Tope lilisamehe kwa kuteleza. Gari lilipotoka topeni na kuingia kwenye lami, lever ikagoma kutoka mpaka liliporudishwa kinyumenyume mita chache.

Kwa hiyo safari hii zilinunuliwa rimu tano na matairi matano, ya tano ikaning'inizwa chini ya bodi baada ya kupimwa kama mnyororo unaifikisha juu bila kugusa ekseli gari likiwa na mzigo. Mzunguko wa kubadilishana matairi kila kilomita 10,000 unaihusisha nayo, ili siku ikihitajika isiwe na kashata mpya kabisa kando ya wenzake waliokwisha nusu.